Miaka 9 nabeba ofisi Arusha, leo naambiwa umeneja unataka mwanaume

Wadau, nina hasira na siifichi.

Nipo kampuni ya utalii hapa Arusha. Meneja alipoondoka mwezi wa pili nikakaimu mimi. Vibali vya Ngorongoro, magari, wapishi, mabegi ya wageni yaliyopotelea uwanja wa ndege wa KIA, vyote juu yangu. Aprili gari likanasa kwenye tope Ndutu, giza linaingia, wageni sita ndani. Mtoto kalala mapajani, mimi niko kwenye simu nawatafutia gari la kuwavuta mpaka wakatoka.

Wiki iliyopita nikaitwa kwenye usaili. Swali la kwanza: "Madereva utawaweza?" Madereva ambao nawapangia safari miaka yote hii! La pili, na aliyeuliza ni mama mtu mzima, ndilo lililoniuma zaidi: "Mumeo anaonaje ukichelewa kurudi?" Kijana aliyeingia baada yangu aliulizwa mipango ya mauzo tu. Ndiye kapewa.

Kulalamika, naambiwa "ni mila zetu, wazee hawajazoea."

Mila gani? Mwaka 1973 mtafiti Virginia Schein aliwauliza mameneja wa kampuni za bima Marekani sifa za meneja bora. Zikafanana na zile walizompa mwanaume, si mwanamke. Mwaka 1996 yeye na wenzake wakatoa matokeo ya wanafunzi wa menejimenti wa China, Japani, Ujerumani, Uingereza na Marekani. Wanaume wa nchi zote tano waliona vilevile, na wanawake pia, isipokuwa wa Marekani. Kwa hiyo msimsingizie Mchaga wala Mmeru. Ni dhana tu, na yule mama kwenye jopo anayo pia.

Na wazee hawajazoea nini, katika mji huu? Mahakama ya Afrika ilimchagua Jaji Imani Aboud kuwa Rais wake mwaka 2021. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikampata Veronica Nduva kuwa Katibu Mkuu mwaka 2024. Wote ofisi zao zilikuwa hapa hapa.

Mwanaume akifoka ofisini ana msimamo. Mimi nikirudia neno mara mbili nina gubu.

Jumatatu natakiwa nianze kumfundisha huyo kijana kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa jinsia na wa hali ya ndoa, hata kwa anayeomba kazi. Aliyewahi kufungua shauri la namna hii CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, aje aniambie: maswali ya usaili uliyathibitishaje?