Paka kahama nyumba kisa mbwa, panya wananimalizia dagaa stoo. Nifanyeje?

MamaDagaa

Habarini humu jamani. Niko Kigoma, Mwanga, nafanya biashara ya dagaa, nachukua mwaloni Kibirizi nakuja kufunga nyumbani kwenye viroba ndo nasafirisha, kwa hiyo chumba kimoja ni stoo na mnajua wenyewe dagaa na panya. Nina paka jike anaitwa Mgebuka (jina alipata siku alipochomoa samaki mgebuka mzima sufuriani, na alikuwa bado katoto), huyu ndo mlinzi wangu wa stoo, mwaka wa nne huu sijui bei ya sumu ya panya.

Sasa mwezi uliopita wezi waliruka ukuta wakabeba kuku sita na betri ya sola. Baba watoto akaapa, akaenda Kasulu kwa rafiki yake akarudi na mbwa, dume, ana kama mwaka na nusu, anaitwa Popi. Kafika jioni, kamba ikafunguliwa pale pale uani eti watazoeana wenyewe. Jamani! Mgebuka alikuwa kajilalia kizingitini, Popi alipomuona alimfuata mbio, paka kapita juu ya vyombo nilivyoanika, kapanda ukuta, kaingia kwenye kenchi, akakaa huko siku mbili hali hanywi. Siku ya tatu kahamia kwa jirani. Wiki ya pili sasa yuko huko anakula na kulala, nikienda kumbeba tukikaribia geti ananikwaruza anachomoka. Na panya wameshajua, juzi nimekuta viroba viwili vimetobolewa.

Mume anasema mbwa haondoki, mimi nasema paka anarudi. Kuna aliyewahi kufuga wote wawili na nyumba ikakalika? Habari za sumu msiniambie, nina mtoto anatambaa.

Kijana wa Gungu

Shemeji kaajiri mlinzi wa nje kamfukuza mlinzi wa ndani 😂😂 sasa hivi mna walinzi wawili na mnaibiwa pande zote

MzeeIsevya

Mwangaluka mama. Mimi niko Tabora, Isevya, nimefuga mbwa na paka tangu napanga chumba kimoja mpaka leo nina uwanja wangu na miembe mitatu. Hapo usimlaumu Popi wala Mgebuka, kilichoharibu ni ile jioni ya kwanza. Mbwa kitu kikikimbia lazima akifuate, na paka akitishwa lazima akimbie, sasa umewakutanisha ghafla kila mmoja kafanya alichoumbiwa. Ubaya ni kwamba mbwa akishafukuza mara moja akaona raha, kesho anarudia, keshokutwa inakuwa mchezo wake wa kila siku. Kwa hiyo kabla ya yote, Popi asipate tena nafasi ya kumkimbiza, hata mara moja, hata kama watoto wanacheka.

Mrudishe paka usiku, mbwa akiwa amefungwa nyuma ya nyumba. Usimbebe mikononi, tia kwenye kapu lenye kifuniko au boksi lenye matundu, funika na khanga yako asione geti, moja kwa moja mpaka stoo. Mwekee maji, chakula, beseni la mchanga la kujisaidia na tambara la kulalia, mfungie humo siku nne tano. Kwanza kazi yake si iko humo humo.

Afu hapo ndo watu wengi wanaharakisha. Hawa wanajuana kwa pua kabla ya macho. Chukua kitambaa mpanguse paka mashavuni, kakiweke karibu na bakuli la mbwa, kingine mpanguse mbwa ukipeleke stoo. Paka wangu wa kwanza siku ya kwanza alikitolea kile kitambaa mlio wa ffff kama kimemtukania mama yake, siku ya nne nikamkuta kakilalia. Ukiona hivyo walishe kwa wakati mmoja, huyu upande huu wa mlango, yule upande ule, mlango umefungwa. Wakila bila kelele siku mbili tatu, fungua upenyo kidogo au weka wavu waonane.

Siku ya kukutana mtembeze kwanza Popi mpaka achoke, mlishe, mfunge kamba na mtu mzima aishike. Paka aje mwenyewe, asibebwe. Kila Popi akigeuza macho kukuangalia wewe badala ya paka, mrushie dagaa mmoja, dakika tano basi, mnarudia kesho. Dagaa wewe unao, sisi huku tunanunua.

Kitu cha kuangalia sio kubweka. Mbwa anayebweka na kutikisa mkia anaweza kuwa anataka mchezo tu, wa kuogopa zaidi ni yule aliyekaza mwili, kanyamaza, macho kayagandisha kwa paka. Hapo mtoe. Na paka akianza kupigapiga mkia amekasirika, mbwa yeye anaona mkia unacheza anadhani anakaribishwa, anasogea, anakula kofi la makucha puani. Ugomvi mwingi unaanzia hapo, lugha zao zimepishana.

La mwisho, paka awe na njia ya juu. Gonga ubao ukutani ndani na mwingine uani, urefu ambao Popi hata akisimama hafiki. Kwangu paka alikuwa na mwembe ndo maana hakuwahi kuhama. Paka akijua pa kupandia hakimbii ovyo, na asipokimbia mbwa hana cha kufukuza.

Ujiji Asili

Mzee maelezo mazuri ila umeandika kama mbwa anaingia mpaka sebuleni. Sisi huku Ujiji wengi hatuko hivyo, kwa sisi Waislamu wa Shafii mate ya mbwa ni najisi, chombo alicholamba kinaoshwa mara saba na moja iwe kwa udongo, paka hana shida hiyo. Mbwa wa ulinzi tunafuga lakini makazi yake nje. Na hiyo yenyewe inasaidia hii kesi, mgawanye tu, ndani kwa paka, uani kwa mbwa, kila mtu na bakuli lake na lisivuke mlango. Kwa marehemu babu waliishi miaka hivyo, wanapishana kama wapangaji waliokosana.

Ila usimfunge mnyororo kutwa nzima mama. Mbwa wa kufungwa mchana kutwa akifunguliwa usiku ana hasira za siku nzima, huyo paka akipita uani ndo anakuwa wa kwanza kulipa.

MamaDagaa

Asanteni sana, MzeeIsevya umenifungua macho. Hapo kwenye mnyororo Ujiji Asili umenishika pabaya, ndo tunachofanya. Swali, huyu Popi ni mkubwa tayari, atafundishika? Na jana nimeona kupe masikioni mwake, mume anataka kumuogesha na ile dawa ya ng'ombe ya shemeji.

Bwana Mifugo Mstaafu

SIMAMISHA HIYO DAWA KWANZA.

Nimefanya kazi ya mifugo Urambo na Sikonge miaka mingi na hili nimeliona sana. Dawa za kuogeshea ng'ombe nyingi ni amitrazi au zile za jamii ya sipamethrini na pamethrini. Watu wanakadiria kwa kifuniko cha soda wanamuogesha mbwa, mbwa akiwa na bahati anapona. Paka hana bahati hiyo, ini lake haliwezi kuivunja pamethrini kama la mbwa. Akimlamba mbwa aliyeogeshwa au akilala ubavuni kwake manyoya yakiwa mabichi anaanza kutetemeka, mate yanamtoka, degedege, anakufa, na nyie mnasema jirani kamtilia sumu. Nenda duka la dawa za mifugo uulize dawa ya kupe ya mbwa, waambie kabisa nyumbani kuna paka, na ukishampaka watenge siku tatu. Ya mbwa usimpake paka hata tone.

Kuhusu umri, mtoto wa mbwa anazoea viumbe wengine kirahisi kuanzia wiki ya tatu mpaka kama ya kumi na mbili hivi, mtoto wa paka mapema zaidi, kuanzia wiki ya pili mpaka ya saba. Popi dirisha hilo limeshapita lakini haimaanishi hafundishiki, atachukua wiki nyingi badala ya siku. Mengine hayafundishiki kweli, kama ameshawahi kuua paka huko Kasulu mume aulize na ajibiwe ukweli, mbwa wa hivyo usimwache na paka bila mtu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa wote wawili, narudia WOTE WAWILI, paka naye anaugua na anaambukiza. Kuanzia miezi mitatu unachanja, afu kila mwaka. Mkiamua ugomvi mkaumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kwa saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usipake mafuta ya mawese wala tumbaku, nimeona yote hayo. Ule ugonjwa dalili zikishaanza hakuna tiba.

Na msiamulie kwa mikono, mwagieni maji.

Kijana wa Gungu

Mimi nilikuja kucheka sasa naenda kumchanja paka wa bibi

MamaDagaa

Jamani nimerudi, leo wiki ya tano tangu nimrudishe. Kapu na khanga ilifanya kazi, alilia njia nzima lakini hakuchomoka. Stoo alikaa siku saba sio nne, maana kile kitambaa cha Popi alikikojolea mara mbili. Panya usiku wa kwanza tu aliniwekea wawili mlangoni.

Kukutana mara ya kwanza kulikuwa vurugu, kamba alishika mwanangu wa kwanza kumbe Popi ana nguvu kuliko yeye, akaburuzwa mpaka kwenye jiko. Tukaanza upya wiki nzima, safari hii kashika baba watoto mwenyewe, na nawaambia yule mwanaume aliyesema watazoeana wenyewe ndo sasa anakaa na dagaa mfukoni saa kumi na moja jioni anamwambia mbwa "niangalie mimi, niangalie mimi". Mfuko wa shati unanuka mpaka msikitini wanamkwepa.

Mbao mbili tumegonga, moja juu ya mlango wa stoo nyingine ukutani uani. Mchana Popi hafungwi tena, tumemfungia uzio wa wavu kona ile ya kuku. Sio marafiki, msije mkadhani wanalala pamoja. Mgebuka anapita uani polepole makusudi, Popi analia kidogo afu anageuka kumtafuta mume wangu na dagaa zake. Alhamisi paka alimpiga kofi moja la pua, Popi akaenda kulala bandani mchana kutwa. Wote wamechanjwa.

Ila sasa Bwana Mifugo na Mzee, zile wiki alizoishi kwa jirani, jirani ana dume lile la madoa. Tumbo la Mgebuka limeshuka na chuchu zimekuwa nyekundu. Itakuwaje hapo?

MzeeIsevya

Itakuwa unaongeza walinzi mama. Mimba ya paka ni miezi miwili na siku chache, piga hesabu kutoka siku ile alipohama. Wiki ya mwisho mrudishe stoo na boksi lenye matambara mahali pa giza, mlango ufungwe, na Popi asisogee hata pale kizingitini. Paka mwenye watoto hapandi ubao, yule anashuka kumfuata mbwa.

Bwana Mifugo Mstaafu

Na yule dume la jirani naye achanjwe. Watoto wakifika wiki ya nne hivi anza kuwaonyesha Popi kupitia wavu, hao dirisha lao la kuzoea litakuwa bado wazi. Mmoja niwekee, stoo yangu ya mahindi ina panya wakubwa kama sungura.