VA wamekataa dai la mgongo: 20-0995, 20-0996 au Bodi?

Swali
Wakuu mlioko Marekani, salaam. Dai la kaka la fidia ya mgongo limekataliwa na VA (idara ya Marekani inayohudumia askari wa zamani). Barua inakubali aliumia jeshini, inakubali mgongo unamsumbua sasa, ila daktari aliyempima kwa niaba ya VA anasema hayo mawili hayahusiani. Imebaki miezi mitatu mwaka mmoja wa kupinga uamuzi huo utimie. Aanzie wapi?

Jibu 1
Kinachopungua ni maoni ya daktari, na hayo huingia kwa dai la nyongeza, fomu 20-0995. Atafute daktari asome rekodi za matibabu ya jeshini pamoja na ripoti ya yule aliyempima, kisha aandike kwamba uwezekano wa tatizo kutokana na jeraha lile ni angalau nusu kwa nusu, na aeleze kwa nini. Hapo kwenye "kwa nini" ndipo barua nyingi zinapoanguka. Neno "huenda" peke yake VA wanalichukulia kama kubahatisha.

Kama hoja yao ni miaka iliyopita bila matibabu, mkewe au mfanyakazi mwenzake aandike alichokiona, fomu 21-10210.

Jibu 2
Naongezea: ombeni faili zima la dai kwa fomu 20-10206, maana barua ya uamuzi ni muhtasari tu. Mkikuta daktari hakuigusa kabisa rekodi ya kuumia, fomu 20-0996 (ombi la uamuzi kupitiwa upya na mpitiaji wa ngazi ya juu) inafaa. Huko huongezi hata karatasi moja, ila unaweza kuomba simu na mpitiaji umwonyeshe kosa lilipo. Akiona uchunguzi ulikuwa pungufu, dai hurudishwa apimwe upya. Tatizo ni kwamba faili huchelewa, kwa hiyo msilisubiri mpaka mwaka uishe.

Bodi ya rufaa ya VA (fomu 10182) ningeiacha kwanza, foleni yake ni ndefu.

Jibu 3
Mwaka unahesabiwa toka tarehe iliyo kwenye barua, si siku mliyoipokea. Ukipita, dai la nyongeza bado linapokelewa, lakini kwa kawaida malipo ya nyuma hayarudi tena hadi tarehe ya dai la kwanza.

Na msimlipe "mshauri" asiye na kibali cha VA. Vyama vya askari wa zamani vilivyoidhinishwa husaidia bure.

Muuliza swali
Barua ya daktari isipowahi je?

Jibu 1
Wasilisheni 20-0995 na maelezo ya mkewe ndani ya muda. Hayo nayo ni ushahidi mpya, mradi yaguse sababu ya kukataliwa. Barua ya daktari itumeni kabla uamuzi haujatoka.