Nani alituambia kwamba jengo la vioo ndilo utu uzima? Malalamiko yangu kuhusu Gotham na "uhalisia"

Ndugu wanajukwaa,

Nimevumilia kwa muda mrefu, lakini juzi uvumilivu ulinishinda. Nilikwenda kwa kijana anayetuwekea filamu kwenye flashi nikamwomba Batman Returns ya mwaka 1992, filamu ya Tim Burton kuhusu Batman, shujaa anayevaa kama popo katika jiji la kubuni la Gotham, naye, bila hata kuinua macho kutoka kwenye kompyuta yake, akanijibu kwamba hiyo ni ya kitoto, majengo yake yanaonekana kabisa kuwa ya kuchonga, na kwamba afadhali nichukue ile ya mwaka 2008, The Dark Knight ya Christopher Nolan, kwa sababu ina uhalisia. Lingekuwa lake peke yake ningelipuuza. Kinachoniudhi ni kwamba maneno hayo hayo ninayasoma humu kila wiki, yakiandikwa na watu wazima wenye akili zao, hadi neno "uhalisia" limekuwa rungu la kumpigia kila mwongozaji aliyethubutu kuinamisha ukuta au kurefusha kivuli.

Tuanze na huo utoto. Filamu hiyo inafunguka usiku wa Krismasi, theluji ikianguka, na wazazi wawili matajiri wanasukuma kigari cheusi hadi darajani, wanatazama huku na huku, kisha wanakitupa mtoni pamoja na mtoto wao mchanga waliyemwonea aibu kwa maumbile yake. Kamera inakifuata kigari kikielea hadi kwenye mifereji ya maji machafu iliyo chini ya jiji, muziki wa Danny Elfman ukikisindikiza kama jeneza. Ilipotoka, wazazi wa Marekani walilalamika kwamba inawatisha watoto wao, na filamu iliyofuata, ya mwaka 1995, hakuongoza tena Tim Burton bali Joel Schumacher, aliyeimwagia taa za rangi kama ukumbi wa disko. Sasa nielezeni: filamu iliyolalamikiwa kwa kuwatisha watoto imegeukaje kuwa ya kitoto?

Halafu kuna hayo majengo ya kuchonga. Ndiyo, yalichongwa! Gotham ya Batman ya mwaka 1989, filamu ya kwanza ya Burton kuhusu shujaa huyo, ilijengwa na mbunifu wa mandhari Anton Furst katika studio za Pinewood, Uingereza, na kazi hiyo ikampa yeye na Peter Young tuzo ya Oscar. Tazameni ule mtaa: minara ya kanisa imebebana na mitambo ya kiwanda, madaraja na mabomba yameziba anga, kila jengo limemkalia jirani yake kichwani, kana kwamba jiji zima halijawahi kuwa na afisa mipango miji hata mmoja. Mbinu hiyo haikutokana na uvivu wala ufinyu wa fedha. Inatoka kwa Wajerumani wa miaka ya 1920, ambao katika filamu ya Dk. Caligari walichora vivuli kwa rangi juu ya kuta zilizopinda ili mtazamaji auone wazimu kabla hajaambiwa, na Burton hakulificha deni hilo, kwani tajiri mwovu wa Returns anaitwa Max Shreck, jina la mwigizaji wa Nosferatu, filamu ya mnyonya damu ya mwaka 1922, likiwa limepunguzwa herufi moja tu. Katika jiji la namna hiyo, mtu anayevaa mabawa ya popo usiku hahitaji kujieleza. Jiji limekwisha kumweleza.

Sisemi kwamba ya mwaka 2008 ni mbaya. Lile lori lilipinduliwa kweli katika barabara ya LaSalle, Chicago, na nilipoliona mara ya kwanza nilisimama kutoka kitini. Lakini uhalisia mnaousifu ni upi? Katika ile ya mwaka 2005, Batman ya kwanza ya Nolan, kuna mtambo unaogeuza maji ya mabomba yote ya chini ya ardhi kuwa mvuke, lakini haugusi tone la maji lililomo miilini mwa watu waliosimama kando yake. Katika ya mwaka 2008 simu za jiji zima zinageuzwa masikio ya popo, yanayoona kwa mwangwi wa sauti. Katika ya mwaka 2012, ya tatu ya Nolan, mgongo wa Batman ulioharibika unarudishwa mahali pake kwa ngumi moja gerezani, na mgonjwa anapona hadi anapanda ukuta wa shimo. Hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu mambo hayo yanasemwa kwa sauti ya chini, na watu waliovaa suti, mbele ya majengo ya vioo. Huo nao ni urembo kama urembo mwingine, ila umevaa tai.

Na sisi hasa tunashangaza, maana tunamjua Popobawa. Mwaka 1995 watu wa Pemba na Unguja walilala nje kwa makundi, wakikesha kando ya moto kwa hofu ya kivuli chenye mabawa, na sijasikia hata mmoja akiuliza kama mabawa hayo yangeweza kubeba uzito wake.

Kinachoniuma zaidi ni kile ambacho jicho lililozoea vioo halikioni tena. Katika Returns, Selina Kyle, katibu anayegeuka Catwoman (mwanamke paka), anarudi nyumbani baada ya kusukumwa dirishani na bosi wake, anavunjavunja vitu vyake vya waridi, anatoa koti jeusi linalong'aa kabatini na kulikata kwa mkasi, kisha anakaa kwenye cherehani. Vazi linalotoka hapo lina mishono myeupe iliyoachwa wazi makusudi, kama ya kidonda, na kadiri filamu inavyokwenda, vazi linachanika na mishono inafumuka, hadi mwisho ngozi yake inaonekana. Hasemi popote kwamba anasambaratika. Mngempa vazi la kivita lenye maelezo ya kiufundi, angelazimika kulisema.

Jana nilirudi kwa yule kijana na flashi yangu, nikiwa nimejiandaa kwa hoja zote hizi. Amesema faili lenyewe alishalifuta ili kupata nafasi.