Benki kubwa zinautaka mshahara wetu, sisi wenyewe hazitutaki

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Nilipofika huku Ulaya nilikwenda benki kufungua akaunti. Pasipoti ninayo, kibali cha kuishi ninacho, barua ya mwajiri ninayo. Dada wa kaunta akataka bili ya umeme yenye jina langu. Bili niitoe wapi, ilhali mwenye nyumba hanipi mkataba mpaka kodi ipitie benki? Nikamweleza hivyo hivyo. Jibu lake: "Mfumo unakataa." Wiki sita nimefanya kazi, mshahara umekwama kwa mwajiri, nakula kwa kukopa.

Kumbe sheria ipo! Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 inampa kila anayeishi humo kihalali haki ya akaunti ya msingi, hata mwomba hifadhi, hata asiye na anwani ya kudumu. Maombi yakikamilika, benki ina siku 10 za kazi, basi. Nani aliniambia? Mama mmoja niliyepanga naye foleni. Benki yenyewe, yenye mabango ya watu wa kila rangi wakicheka, haikutamka neno.

Akaunti ukiipata, jaribu kutuma pesa nyumbani. Wanakata makato ya kutuma, wanabadilisha fedha kwa kiwango chao kibovu kuliko cha soko, kisha benki ya katikati nayo inamega chake. Mama anapiga simu kuuliza mbona imepungua, nami sina jibu. Vipimo vya Benki ya Dunia vinaonyesha mwaka hadi mwaka kwamba benki ndiyo njia ghali kuliko zote, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni gharama kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030.

Na tukienda kwa mawakala wetu wa bei nafuu, nao wanaandamwa. Mwaka 2013 Barclays ilitangaza kufunga akaunti za kampuni nyingi za kutuma pesa, Dahabshiil ya Wasomali ikiwemo, hadi wakafikishana mahakamani London. Familia ngapi zilikuwa zinakula kwa pesa hizo?

Mliokataliwa akaunti huku, mlipewa sababu kwa maandishi? Ni haki yenu, na ni bure. Mimi sikupewa. Kesho asubuhi narudi kuidai.