Janti pana kwenye Altezza iliyoshushwa: zitakaa ama zitakula bodi?

altezza_ya_belair
Bayaya na wazee wa humu, jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, Bel-Air. Nina Toyota Altezza RS200 ya 1999, ya gia 6 za mkono, usukani kulia kama ilivyotoka Japani. Mwaka jana niliishusha kwa resori (springi) fupi, sentimita 4 hivi mbele na nyuma. Amotisa (shokomzoba) ni zile zile. Janti (rimu) bado ni za kiwandani, inchi 17 upana 7, mipira 215/45R17 (upana milimita 215, ukuta wa ubavuni asilimia 45 ya upana huo, janti ya inchi 17), na nikiitazama kwa nyuma naona aibu: mpira umejificha ndani ya bodi kama mtoto aliyevaa koti la baba yake.

Sasa kuna muuzaji kule Kenya (komine yetu ya hapa Lushi, si nchi, watu wa Nairobi mtulie) ana janti nne za inchi 18. Mbili upana 8, mbili upana 9. Nyeusi, safi, hazina mkunjo. Anataka dola 450. Nikamwuliza kama zitaingia, akasema, "Peti, hii inaingia motokari yote." Mipira ananiambia niweke 235/40R18 pande zote nne. Fundi wangu naye anasema ikigusa atakata ukingo wa bodi kidogo, kazi ya nusu saa.

Naogopa kidogo. Nani ameshafanya hivi? Zitagusa?

mtoto_wa_ruashi
Kuingia zitaingia. Subiri upakie watu.

Mimi nilivalisha Mark II iliyoshushwa hiyo hiyo 235/40R18. Nikiwa peke yangu, barabara nzuri, raha tupu. Siku ya matanga tukapanda 5, nyuma wamekaa shangazi watatu wenye miili yao. Tuta la kwanza: krrrrr. Shangazi mkubwa akasema mvua inakuja. Ilikuwa mwezi wa saba, kiangazi.

Papa Jeki
Mwanangu wa Bel-Air, usitoe hata dola moja kwanza. Nimebadilisha mipira na janti za watu hapa mjini miaka zaidi ya 20, na neno "inaingia motokari yote" nimelisikia mara nyingi, kila mara kutoka kwa mtu anayeuza.

Geuza janti, tazama nyuma ya miguu yake. Kuna namba zimepigwa kwenye chuma. Nataka tatu: upana, ET, na ya matundu. Ukiniletea inchi 18 peke yake ni kama kumwambia fundi wa nguo urefu wako bila kiuno.

Wakati unaenda kutazama, nikueleze ET, maana vijana wengi wanairuka. Chukua janti, igawe katikati ya upana wake. Halafu pima kutoka mstari huo wa katikati mpaka uso unaolala kwenye kitovu cha gurudumu. Hizo milimita ndizo ET. ET kubwa, janti inaingia ndani ya bodi. ET ndogo, inatoka nje. Yako ya kiwandani ni 17x7 ET50, kwa hiyo ndiyo maana umeona koti la baba.

Hesabu yenyewe si ngumu. Inchi ni milimita 25.4. Ukitoka upana 7 kwenda 8, inchi hiyo inagawanyika pande mbili, milimita 12.7 nje na 12.7 ndani. Halafu tofauti ya ET unaiongeza nje na kuitoa ndani. Mfano 17x8 ET35: nje inatoka 12.7 na 15, jumla 27.7. Ndani 12.7 toa 15, maana yake umepata nafasi ya milimita 2 zaidi upande wa amotisa. Umeona? Janti imekuwa pana zaidi na bado ndani imepumua. Shida yote imehamia kwenye ukingo wa bodi.

Halafu hiyo 235/40R18. Mpira wako wa sasa una urefu wa milimita 625 kutoka chini hadi juu. Huo wa muuzaji una 645. Nusu ya tofauti inapanda juu, yaani milimita 10 ndani ya nafasi ambayo wewe mwenyewe uliipunguza sentimita 4 kwa resori. Kama lazima inchi 18, 225/40 ina 637, inavumilika zaidi. Na kisoma mwendo chako kitakudanganya: na 235/40 kikisema 100, wewe uko kwenye 103.

Swali langu mimi: baada ya kushusha ulifanya paralelisme, yaani kupima na kurekebisha mwelekeo wa magurudumu? Altezza ina mikono miwili, juu na chini, kila gurudumu. Ukiishusha, magurudumu yanalala, juu yanaingia ndani. Mtu anavalisha mipira mipya ya bei, baada ya miezi michache upande wa ndani umeisha hadi nyuzi na upande wa nje bado una vinywele vya kiwandani. Anakuja kwangu kusema mipira ni feki.

altezza_ya_belair
Papa, asanti sana. Paralelisme… sikufanya. Nimeinama kutazama mipira sasa hivi na taa ya simu. Sitasema nimeona nini.

Nimerudi kwa muuzaji. Mbele: 8Jx18 ET35. Nyuma: 9Jx18 ET30. Zote zimeandikwa pia LK 120/5 na KBA yenye namba ndefu.

Papa Jeki
Sawa. Acha hizo janti.

LK ni ya Wajerumani, ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya bolti. KBA ni ofisi yao ya magari, hivyo zilitengenezwa kwa soko la kule. 120/5 ni matundu 5 kwenye duara la milimita 120. Hizo ni za BMW. Altezza yako ni matundu 5 kwenye 114.3. Tofauti kwa kila boloni (bolti) haifiki milimita 3, na hapo ndipo ubaya ulipo: ni ndogo kiasi kwamba mtu mwenye spana ndefu ataweza kulazimisha. Nati itakaza, wewe utaona imekaza. Lakini koni ya nati haijakaa katikati ya tundu, imekaa kwenye mdomo wake, upande mmoja. Boloni imepinda kidogo kila mzunguko. Nimeshaletewa motokari ya namna hiyo kwenye gari la kubeba, boloni tatu zimekatika kati ya tano, janti imekuwa na matundu ya umbo la yai. Mwenye motokari alikuwa anatoka Kipushi tu, kilomita 30.

Tena hata kama matundu yangekuwa sawa, piga hesabu ya nyuma: 9 toa 7 ni inchi 2, nusu yake 25.4, ongeza 20 ya ET. Milimita 45 nje. Fundi wako hangekata ukingo kidogo, angekata nusu ya ubavu.

dada_wa_ibanda
Naingilia kutoka Bukavu. Kaka, kuhusu kukata: usikubali. Ukingo wa bodi nyuma si bati moja. Ni mabati mawili, la nje na la ndani, yameunganishwa pale pale kwenye ukingo. Ukilikata hilo unganisho, mabati yanaachana, matope na maji vinapanda katikati. Mimi yangu ilikatwa "kazi ya nusu saa" hivyo hivyo. Misimu miwili ya mvua ya huku, kutu ikatokea juu ya gurudumu kama upele, na kuziba kwake kulinigharimu kuliko janti zenyewe.

Kinachofanywa ni kuukunja ukingo kwenda ndani na juu. Upashe moto kwanza kwa mashine ya hewa ya moto, rangi ilainike, ukunje polepole, kidogo kidogo. Ukikunja rangi ikiwa baridi inapasuka, umerudi kwenye kutu.

Kale za kusogeza gurudumu nje usiziogope zote, ila zile nyembamba zinazopunguza nyuzi ambazo nati inashika, hapana. Hesabu nati inazunguka mara ngapi kabla ya kukaza. Ikizunguka mara tatu nne tu, toa hiyo kale.

Papa Jeki
Dada amesema vizuri kuliko fundi wengi ninaowajua.

Sasa Bel-Air, fanya hivi jioni moja, bila kununua kitu. Chukua rula ndefu au ubao ulionyooka, uusimamishe kutoka ukingo wa bodi kushuka chini wima. Pima kutoka ubao hadi tumbo la mpira, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Usishangae pande zikitofautiana, motokari ya 1999 imeshaona mengi. Niletee namba.

altezza_ya_belair
Mbele kushoto 27, kulia 28. Nyuma 33 na 31. Milimita.

Papa Jeki
Basi unayo nafasi, ila si ya kuchezea. Tafuta 17x8 ET38, matundu 5/114.3, mpira 225/45R17. Tumbo la mpira litatoka nje kama milimita 20 na kitu, mbele utabaki na 6 hivi. ET35 pia ingeingia, ila mbele ungebaki na 3, na mbele gurudumu linageuka. Urefu wa mpira ni 634, unapanda milimita 4 na nusu tu.

Najua unataka 18. Lakini ukuta wa 225/40R18 ni milimita 90 na wa 225/45R17 ni 101. Hizo 11 utazikumbuka mwezi wa kwanza, shimo likijaa maji na usijue kina chake.

Ukinunua mipira, soma namba 4 za mwisho za DOT, alama iliyopigwa ubavuni mwa mpira: wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2316 ni wiki ya 23 ya 2016, iache hata kama inang'aa. Tazama pia namba ya mzigo. Yako ya sasa ikiwa ni 87, kila mpira unabeba kilo 545. Usishuke chini ya hapo.

Tundu la katikati la janti lisipokuwa 60.1, nunua pete za kujaza nafasi, la sivyo usukani utatetemeka na utamlaumu mtu wa balansi. Nati nazo zilingane na janti: Toyota nyingi zenye janti za aloi za kiwandani zina nati za shingo na washa bapa, janti za dukani nyingi zinataka koni.

Halafu jaribu kabla ya kutamba mjini. Paka chaki ukingoni kwa ndani, pakia mzigo nyuma, pita matuta, geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili. Chaki ikifutika, kunja ukingo kama dada alivyosema.

altezza_ya_belair
Wiki tatu baadaye. Nimepata 17x8 ET38, 5/114.3, za kijivu, dola 380. Moja ilikuwa na mkunjo mdogo, ikanyooshwa. Paralelisme imefanywa. Nati za koni, pete za kutoka 73.1 kwenda 60.1.

Kwa mzigo niliazima mifuko 8 ya unga ya kilo 25 dukani kwa mama, na kaka yangu akakaa mbele. Tukazunguka mtaa mara tatu, matuta yote, reli pia. Chaki ya mbele nzima. Nyuma kulia imefutika kama sentimita 5, juu kabisa.

Picha nitaweka kesho.

Papa Jeki
Kulia nyuma ndipo ulipokuwa na 31, sawa. Kunja hapo tu, usiguse kwingine. Na kaza tena nati baada ya kilomita 50, kwa spana yenye kipimo, 103 za nyutoni mita. Usiikanyage kwa mguu.

mtoto_wa_ruashi
Shangazi zangu wapo kama unga umerudi dukani.

altezza_ya_belair
Haujarudi. Mfuko mmoja umepasuka kwenye buti. Mama amekuja kuhesabu ameona 7, na mimi nimejaa unga hadi nyusi.