Maktaba inakataa tuwataje watu waliomo kwenye picha za mji wetu, halafu inatutangazia "maktaba pepe"

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na sitaificha, kwa hiyo niende moja kwa moja kwenye mada.

Maktaba sitaitaja, wala mkoa. Ninayoyaeleza yapo kwenye maktaba nyingi, na sitaki dada wa kaunta aje abebeshwe mzigo wa wakubwa wake. Jueni tu kwamba ni maktaba ya umma, mimi ni mwanachama, ada nimelipa na kadi yangu iko hai.

Kwenye maktaba hiyo kuna maboksi ya picha za zamani za mji wetu. Kuna stesheni, karakana ya reli, soko la zamani, timu ya mpira ya wafanyakazi, akina mama wamejipanga mstari na kanga za sare. Nyingi ni za enzi za Reli ya Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977. Nyuma yake hakuna maandishi yoyote. Ukizitafuta kwenye katalogi, yaani orodha ya vilivyomo maktabani, unakuta hivi: "Picha, watu, mahali hapajulikani." Hapajulikani na nani? Mtu mzima yeyote aliyekulia pale mjini ukimwonyesha ile karakana atakuambia hata geti lake lilitazama wapi.

Mtaani kwetu kuna mzee aliyekuwa fundi wa reli tangu ujana wake. Nilikwenda naye. Akavaa miwani, akaisogeza picha dirishani, akaanza kuwataja waliomo kutoka kushoto kwenda kulia. Huyu dereva wa treni ya mizigo. Huyu fundi wa boila, alihamishiwa Voi na familia yake ikabaki hapa. Huyu mfupi ndiye aliyekuwa karani wa mishahara, mwanawe ana duka pale stendi. Picha moja tu, na akatoa majina karibu ya safu nzima! Nikaomba karatasi na penseli tuandike. Jibu tulilopewa, kwa heshima zote: "Shikamoo mzee, samahani sana, lakini taarifa za nyaraka huingizwa na mtaalamu. Msomaji haruhusiwi kuongeza kitu." Nikasema basi niipige picha kwa simu, niiweke kwenye kundi la watu wa mji wetu, wazee wengine waitambue. Hairuhusiwi. Huyo mtaalamu anakuja lini? Hakuna aliyejua.

Wakuu, hilo tatizo lilishapatiwa dawa, tena na maktaba kubwa kabisa. Januari 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani kule Washington ilichukua picha zipatazo 3,000 zisizo na kizuizi cha hakimiliki, ikaziweka kwenye Flickr, mtandao wa kuonyeshana picha, na kuwaambia watu waseme wanachokijua. Nusu yake zilikuwa picha za shirika la habari la miaka ya 1910 hivi, na maelezo yake yalikuwa machache mno. Watu wakaingia kazini. Wakafukua magazeti ya zamani, wakaleta majina kamili, tarehe, mitaa. Wengine walikwenda kwenye jengo lile lile wakalipiga picha lilivyo sasa, wakaiweka chini ya ile ya zamani. Wakutubi walikagua walicholetewa, na ilipofika Oktoba mwaka huo huo walikuwa wameshaongeza taarifa kwenye kumbukumbu zaidi ya 500 za katalogi yao rasmi. Mtaalamu alikuwepo, na kazi yake ilikuwa kuhakiki. Hakukaa mlangoni kuwazuia wenye majibu.

Kuna hii hofu ninayoisikia kila nikilisema jambo hili: "Ukiruhusu watu waandike, wataandika matusi." Haya, hesabu ni hizi. Katika miezi ile ya mwanzo yaliingia maoni zaidi ya 7,000 na lebo, yaani maneno mafupi ya kuielezea picha, zaidi ya 67,000. Yaliyolazimika kufutwa kwa kukosa adabu hayakufika 25. Basi. Ninyi mnaotuogopa hivyo, sisi tumewafanyia nini?

Australia walikwenda mbali zaidi. Maktaba yao ya Taifa ilipoanza kuweka magazeti ya zamani mtandaoni mwaka 2008, kompyuta ilikuwa inasoma vibaya maandishi yaliyofifia. Wakamwachia msomaji yeyote arekebishe maneno mwenyewe, mstari kwa mstari, akiwa nyumbani kwake. Mamilioni ya mistari yamesahihishwa hivyo, na wanaoisahihisha ni wastaafu, wanaotafuta habari za koo zao, watu wa kawaida kabisa. Sisi tuna nakala za magazeti ya Mambo Leo na Ngurumo zimefungwa kwa kamba, mchwa wanazila, na mtu akisema atajitolea kuzichapa kwenye kompyuta anaulizwa ametumwa na nani.

Sasa tuje kwenye katalogi, maana hapa ndipo uzembe unapoonekana waziwazi. Maktaba yetu inatumia Koha. Kwa wasioijua, hiyo ni programu huria ya kuendeshea maktaba, ilitengenezwa kwa ajili ya maktaba za Horowhenua kule New Zealand, ikaanza kazi Januari 2000, na haina ada ya leseni. Ndani ya Koha, tayari, bila kununua chochote, kuna nafasi ya msomaji kuandika maoni chini ya kitabu, kukipa nyota, na kukiwekea lebo kwa maneno yake mwenyewe. Mwalimu anaweza kukiwekea kitabu lebo ya "kidato cha pili fizikia" na wanafunzi wake wote wakakipata. Ni mipangilio, unawasha au unazima. Na maoni ya msomaji hayatokei hadharani mpaka mtumishi wa maktaba ayapitishe, kwa hiyo hata hiyo hofu ya matusi haina pa kusimama. Kwetu vyote vimezimwa. Nilipouliza nikaambiwa mfumo hauna huduma hiyo. Unayo! Nenda kwenye mipangilio uitafute.

Na hiyo katalogi yenyewe inaonekana kwenye kompyuta moja tu, iliyo ndani, pembeni ya mapokezi, herufi N ya kibodi haibonyezeki. Mwanafunzi wa kijijini hawezi kujua kama kitabu kipo mpaka alipe nauli, afike, apange foleni, ndipo aambiwe kimeazimwa. Hilo linaniuma kuliko yote ninayoandika hapa. Watoto wana simu za wazazi wao mikononi, kitabu kipo kwenye mfumo, na maktaba imeweka ukuta katikati.

Kundi la WhatsApp la "Wasomaji" lina mamia ya watu. Limewekwa admini pekee ndiye anayetuma. Kinachoingia mle ni mgeni rasmi akikata utepe, mgeni rasmi akisaini kitabu cha wageni, na salamu za sikukuu. Ukurasa wa Facebook ni hivyo hivyo. Kuna mama aliuliza chini ya posti moja kama maktaba ina vitabu vya nukta nundu kwa ajili ya mwanawe. Swali lake halikujibiwa. Chini yake watumishi wanaandikiana "Hongera sana mkurugenzi". Mtu amekuja na shida ya mtoto asiyeona, kwenye ukurasa wa maktaba ya umma, na hakuna aliyeona vibaya kumpita.

Halafu ndipo wakaja na "maktaba pepe".

Mradi uliletwa na wafadhili, ukaja na miwani ya uhalisia pepe. Siku ya uzinduzi watoto wa shule walipangwa, wakavalishwa mmoja mmoja kwa dakika chache, wakapigwa picha, wakarudishwa darasani. Tangu hapo miwani imo kabatini na ufunguo anao bosi. Ukiiomba unaambiwa ni mali ya mradi. Hata ile maktaba iliyomo ndani, mimi niliibahatisha siku ile ya uzinduzi: ni jumba zuri lenye nguzo na rafu ndefu, na vitabu kwenye rafu havifunguki. Hakuna mtu mle, hakuna wa kumuuliza, hakuna pa kuandika.

Sipingi malimwengu pepe, msinielewe vibaya. Nakasirika kwa sababu yanaweza kufanya kazi ya maana na nyie mmeyageuza mapambo. Mwaka 2006 umoja wa maktaba wa Illinois ulioitwa Alliance Library System ulifungua maktaba ndani ya Second Life, ulimwengu pepe wa mtandaoni. Majengo yalikuwepo, ndiyo, lakini kilichoifanya kuwa maktaba ni wakutubi wa kujitolea kutoka sehemu mbalimbali waliokaa kwenye meza ya maswali humo ndani, kila mmoja na umbo lake la kidijitali, wakiwajibu watu. Second Life ilidai kompyuta yenye nguvu na intaneti ya kasi, na ule msisimko ukapoa miaka iliyofuata. Kwetu mmeanza na majengo, na mtu wa kujibu hamkumleta kabisa.

Tazameni pia Machi 2020. Reporters Without Borders, shirika la kutetea uhuru wa habari, lilijenga maktaba ndani ya mchezo wa Minecraft, kwa sababu mchezo huo unafunguka hata kwenye nchi ambazo tovuti za habari zimezibwa. Kuna vyumba vya Misri, Urusi, Mexico, Vietnam, Saudi Arabia. Maandishi ya Jamal Khashoggi, mwandishi wa habari wa Saudi Arabia aliyeuawa, yamo kwenye vitabu vya ndani ya mchezo, kijana anakichukua kitabu anakisoma. Waliwafuata wasomaji mahali walipokwisha kuwepo, tena wakiwa na kitu cha kusoma mkononi.

Na msiniambie Minecraft ni ya kulipia. Ipo Luanti, zamani ikiitwa Minetest. Inafanana nayo, ni bure, ni programu huria, inakwenda hata kwenye kompyuta za zamani, na mkiziunganisha kompyuta za chumba kimoja mnaingia pamoja bila intaneti. Maktaba yetu ina chumba cha kompyuta ambacho Jumamosi kinafungwa. Fungueni! Waiteni vijana wa sekondari, wekeni zile picha za karakana mezani, mwiteni yule mzee akae nao. Awaambie injini ziliingilia mlango upi, tenki la maji lilisimama wapi, mishahara ililipwa dirisha gani. Waujenge mji ulivyokuwa. Kila jengo wakaliwekee kibao chenye majina ya watu na namba ya picha kwenye katalogi, ili anayetembea mle arudi rafuni kutafuta zaidi. Hapo mtakuwa na maktaba pepe ambayo hakuna mfadhili anayeweza kuwaletea, kwa sababu maarifa yake yako vichwani mwa watu wa hapa.

Wakutubi wenyewe nao nawalaumu kidogo. Tangu 2016 ipo kampeni ya #1Lib1Ref, mkutubi anaombwa aongeze rejeleo moja tu kwenye makala ya Wikipedia. Tangu 2020 umoja wa maktaba wa Afrika, AfLIA, una wiki yake kwa ajili ya kazi kama hiyo hiyo. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na makala zake nyingi kuhusu miji yetu hazina chanzo hata kimoja, wakati vitabu vyenye majibu viko nyuma ya migongo yenu. Mmesomea ukutubi. Kazi hiyo nani mwingine aifanye?

Hoja moja tu naipa uzito, nayo ni faragha. Kwenye picha kuna watu ambao bado wako hai, au watoto wao wapo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Sawa. Anzeni na picha za zamani zaidi, wekeni namna ya familia kuomba picha iondolewe, na iondolewe siku hiyo hiyo. Picha zenye utata ziacheni kwa mazungumzo. Lakini msijifiche nyuma ya sheria kumkatalia mzee asiandike majina ya wenzake aliofanya nao kazi.

Bajeti? Nakubali watumishi wa kaunta wanatumia bando lao wenyewe kujibu watu, na hilo ni dhuluma nyingine inayostahili uzi wake. Ila karatasi na penseli tuliyoomba siku ile ingegharimu kiasi gani? Kulifungua kundi la WhatsApp ili wasomaji waulize vitabu kunahitaji kikao gani?

Barua nimeshaiandika na Jumatatu naipeleka kwa mkono, nakala kwa ofisi ya juu yao. Ninachoomba ndani yake: maoni na lebo viwashwe kwenye Koha, katalogi ifunguke nje ya jengo, kundi lifunguliwe, chumba cha kompyuta kifunguliwe Jumamosi, na wazee wapewe daftari la kuandika wanachokitambua kwenye picha, mtaalamu ahakiki akija. Yule mama wa nukta nundu pia ajibiwe.

Wakutubi mliomo humu, hasa mlioko kwenye maktaba ambazo zimeshawasha maoni ya wasomaji, wekeni hatua hapa chini mlivyofanya na jinsi mnavyoyahakiki. Nitaziambatanisha kwenye barua, nisije nikaambiwa tena kwamba mfumo hauna huduma hiyo.