Mbunge mtoro: wapiga kura wanaweza kumng'oa kabla ya miaka mitano?

Mdau wa Jimbo
Wakuu, naomba ufafanuzi. Mbunge haonekani Dodoma wala jimboni. Tukikusanya saini anatoka? Kuna wanaodai akikosa mara tatu tu, kiti kimekwenda.

Kifungu kwa Kifungu
Mkuu, saini hazina kazi. Katiba ya Tanzania haikuwapa wapiga kura njia ya kumwondoa mbunge katikati ya muhula.

Hiyo "mara tatu" ndiyo inayopotosha wengi. Ibara ya 71(1)(c) inataja mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika, na mkutano si kikao. Mkutano mmoja una vikao vingi. Ule wa bajeti huanza Aprili ukaishia Juni. Joshua Nassari wa Arumeru Mashariki alikosa wa Septemba 2018, wa Novemba na ule ulioanza Januari 2019. Machi, Spika akaiandikia Tume ya Uchaguzi kwamba jimbo liko wazi. Nassari alikwenda Mahakama Kuu, akagonga mwamba. Kumbuka pia: kinachotakiwa ni ruhusa, si taarifa.

Sauti ya Galari
Chama kikimvua uanachama je? 71(1)(e) si ipo?

Kifungu kwa Kifungu
Ipo, ila usiitegemee sana. CHADEMA iliwafukuza wabunge 19 wa viti maalumu Novemba 2020, na bado waliendelea kukaa bungeni.

Wakili wa Mtaa
Kwetu Kenya hesabu ni ya vikao: vinane bila ruhusa ya Spika kwa maandishi, Ibara ya 103. Haki ya kumwondoa mbunge nayo imo, Ibara ya 104, lakini Sheria ya Uchaguzi ya 2011 iliizingira kwa miiba: usubiri miezi 24, upate saini za asilimia 30 ya wapiga kura waliosajiliwa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu kadhaa vya utaratibu huo.

Msoma Hansard
Kabla hamjamwita mtoro, fungueni ukurasa wake kwenye tovuti ya Bunge muone maswali na michango yake. Msikurupuke lakini: waziri haulizi maswali, yeye ndiye anayejibu. Na kazi za kamati hazionekani kwenye runinga.

Kwa hapo jimboni, mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani, linalokutana kila robo mwaka. Ombeni muhtasari halmashauri, mwangalie orodha ya waliohudhuria na ya wasiohudhuria.